Saa ya babu: Ipige picha kabla fundi hajaigusa

HEBU nenda chumbani kwa babu yako ufungue ile droo ambayo huwa haifunguliwi. Chini ya stakabadhi za zamani, risiti zilizofifia na miwani iliyovunjika mguu, huenda ukakuta saa ya mkono. Labda imesimama. Labda kioo kimekwaruzika hadi mishale haionekani vizuri.

Usiisugue kwa shati. Usikimbie nayo kwa fundi. Toa simu yako kwanza uipige picha.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi sikufanya hivyo, na hadi leo bado najutia.

Saa ya babu yangu ilikuwa Seiko 5 ya chuma, ya kujitia ufunguo yenyewe ukiivaa, yenye kidirisha cha siku na tarehe. Iliponifikia baada ya mazishi ilikuwa haitembei. Nikaipeleka kwa fundi mmoja jijini Nairobi. Wiki mbili baadaye ikarudi inatembea, inametameta, na ina uso mpya wa rangi ya machungwa. "Hiyo rangi nimekuongezea bure, kijana," fundi akaniambia kwa fahari. Na ule uso wa zamani? Alikuwa ameutupa. Ati ulikuwa na madoa.

Nilipofika nyumbani nikampa nyanya aione. Akaigeuzageuza, akanirudishia. "Hii ni ya nani?" akaniuliza.

Sasa hapo ndipo nilipogundua kwamba katika ukoo mzima hakuna mtu aliyekuwa na picha ya saa ile. Kuna picha moja ya arusi ya shangazi ambapo babu ameivaa, lakini mkono wa koti umeifunika. Mjomba mmoja aliapa kwamba uso wake ulikuwa wa samawati. Mwingine akasema kijivu. Mtu aliivaa saa hiyo kila siku kwa miaka mingi, na familia nzima haikuweza kukubaliana ilikuwa rangi gani.

Nilianza kutafuta mtandaoni, na ndivyo nilivyoingia katika ulimwengu wa watu wanaopiga picha saa za zamani na kuziweka pamoja kwenye hifadhi za bure, ili mtu yeyote azitumie kulinganisha. Si za kuuza. Si za kujionyesha. Ni kama daftari kubwa la marejeo: uso wa saa hii ulitoka kiwandani hivi, mashine yake ni hii, mgongo wake umeandikwa hivi.

Ukitaka mfano wa hifadhi ambayo unaweza kuanza nayo leo, ipo Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo ndiyo ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote, pamoja na ile ya Kiswahili. Wapo pia watu binafsi waliojenga hifadhi zao za mashine za saa na alama za viwanda kwa miaka mingi bila kulipwa. Fundi akikwama na mashine asiyoijua, huko ndiko anakokimbilia.

Kwa nini usiweke tu picha kwenye ukurasa wako ukaachana na mambo mengi? Wacha nikukumbushe kilichotokea mwaka 2017. Kampuni ya Photobucket, ambako watu wa kila aina ya uraibu walikuwa wamehifadhi picha zao bila malipo kwa zaidi ya mwongo mmoja, ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kutoka kwa yeyote aliyetaka picha hizo ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine. Ghafla picha za marejeo zilizokusanywa kwa uvumilivu, za magari, redio, kamera na saa, zikageuka vijisanduku vitupu. Picha ikiwa mahali pamoja tu, chini ya mwenye duka mmoja, basi haijahifadhiwa. Imekopeshwa.

Turudi kwa saa yenyewe. Nitaizungumzia Seiko 5 kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu huenda ndiyo utakayoikuta kwenye hiyo droo. Ya kwanza ilitolewa Japani mwaka 1963. Ile 5 ilisimamia mambo matano: kujitia ufunguo yenyewe, siku na tarehe kwenye kidirisha kimoja, kuzuia maji, kitufe cha pembeni kilichofichwa kwenye saa nne ya uso badala ya saa tatu, na kasha na cheni imara. Mzee alivaa moja shambani, kanisani au msikitini, kazini na kwenye matanga, na ikamfaa kote huko.

Igeuze sasa uangalie mgongo. Utaona namba nne, kistari, halafu namba nyingine. Zile nne za kwanza ni jina la mashine iliyo ndani. Kwa mfano 7009 ni mashine ya vito 17 iliyouzwa kwa wingi ajabu. Zinazofuata kistari ni za kasha. Kisha kuna namba ya pekee ya saa hiyo, na hapa ndipo raha inapoanza. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka. Ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, 0 ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba.

Kwa hivyo namba ikianza na 83, saa ilitengenezwa Machi ya mwaka unaoishia na 8. Upi? 1978 au 1988? Kiwanda hakikusema. Ukishikilia saa moja tu mkononi hutaweza kujua. Lakini ukiwa na picha za saa 50 za namba hiyo hiyo ya kasha, zikionyesha maandishi ya uso, aina ya cheni na mwandiko wa mgongoni, unaanza kuona mpangilio. Mgongo ulioandikwa "Water Proof", tuseme, ni wa zamani zaidi kuliko ulioandikwa "Water Resistant", kwa sababu Seiko iliacha kutumia lile neno la kwanza mapema miaka ya 1970. Picha yako moja ya droo la kijijini inaweza kuwa ndiyo inayojaza pengo.

Kuna jambo jingine, na hili linawagusa vijana moja kwa moja mfukoni. Saa za zamani zimekuwa fasheni. Ukipitia mitandao ya mauzo utaona Seiko na HMT za India zenye nyuso za rangi kali, nyekundu, kijani, machungwa, zinazoitwa "vintage original". Nyingi ni saa halisi kwa ndani ambazo uso wake umepakwa rangi upya, au zimeunganishwa kutoka kwa saa tatu nne zilizokufa. Wakusanyaji wana jina lao, huziita "Mumbai Special". Si kwamba saa hiyo haitembei. Inatembea fiti. Tatizo ni kuuziwa kama kitu ambacho sicho.

Utajuaje? Angalia chini kabisa ya uso, karibu na ukingo, chini ya alama ya saa sita. Seiko ilichapa hapo maandishi madogo sana yenye namba ya mashine na namba ya uso. Kwenye uso uliopakwa upya maandishi hayo mara nyingi hayapo, au yamepinda, au wino umetapakaa. Ule uso wangu wa machungwa? Hauna chochote pale chini. Na neno "Automatic" limeandikwa kama lilichorwa na mtu aliyekuwa ndani ya matatu.

Basi, picha ya marejeo ni ushahidi. Ndiyo maana hupigwi picha ya marejeo vile unavyopiga ya kujipendekeza mtandaoni. Hakuna kichujio, hakuna kikombe cha kahawa pembeni, hakuna mandhari ya ukungu. Mtu aliye Osaka au Muscat anataka kuona kama ile herufi ya tatu imechapwa sawasawa.

Vifaa vyako ni hivi: simu, dirisha, karatasi nyeupe za A4, kitu cheusi, rula ya milimita na vitabu vya kuegemeza simu. Nimeshaona vijana wakikata tamaa kwa kudhani lazima wanunue kamera ya laki moja. Wala. Simu ya kawaida ya siku hizi inatosha ukijua mwanga.

Mwanga mzuri ni wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa ya chumba, kwa sababu mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu, rangi itakudanganya, na sisi tunajua sasa familia inaweza kugombana kwa ajili ya rangi. Acha kipande cha karatasi nyeupe kionekane kwenye kona ya picha moja. Yeyote atakayeitumia baadaye atarekebisha rangi kwa kuangalia weupe ule.

Ikiwa jua ni kali, chukua mtungi wa plastiki mweupe wa maji au maziwa, ule wa lita 5, uoshe, ukaushe, kata chini na juu, kisha uuweke kama mnara kuzunguka saa. Piga kupitia tundu la juu. Plastiki ile italainisha mwanga pande zote, na mishale haitatupa vivuli virefu. Wapiga picha wa bidhaa hununua mahema maalumu ya kazi hiyo hiyo. Wako umetoka jikoni.

Adui mkubwa ni kioo. Utapiga picha safi, uikuze, kumbe umejipiga mwenyewe pua na dari la nyumba. Kinachoakisiwa ni kile kilicho juu ya saa, basi fanya kilicho juu kiwe cheusi. Chukua kadibodi, ipake au ifunike kwa kitambaa cheusi, toboa tundu la ukubwa wa lenzi, ishikilie mbele ya simu. Vaa shati jeusi. Kama bado kuna mng'aro, inamisha saa kidogo tu.

Usisogeze simu karibu sana. Lenzi pana ikiwa sentimita tano kutoka kwa saa hufanya katikati ivimbe na masikio ya mkanda yarudi nyuma, na kasha la milimita 37 linaonekana kama sufuria. Kaa mbali kama sentimita 25 au 30, kuza mara mbili, iegemeze simu kwenye vitabu, na utumie kipima muda cha sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise. Gusa uso wa saa kwenye kioo cha simu ushikilie hadi ifunge fokasi. Na tafadhali futa lenzi. Mafuta ya chipsi ndiyo yanayoharibu picha nyingi za Wakenya.

Mishale je? Matangazo mengi ya saa duniani huonyesha mishale ikiwa kwenye 10 na 2, yaani saa nne na dakika kumi kwa hesabu yetu, kwa sababu inaacha jina la kiwanda wazi katikati. Anza hapo. Lakini kwa marejeo piga na ya pili mishale ikiwa mahali pengine, tuseme saa mbili na dakika ishirini, ili alama zilizofunikwa mara ya kwanza zionekane. Walimu wetu walitufundisha kuiita mishale hiyo akrabu, neno lililotoka kwa Waarabu likimaanisha nge. Ukitazama mshale mwembamba wa sekunde kupitia lenzi unaelewa ni kwa nini.

Onyo moja kabla hujazungusha chochote. Kama saa ina tarehe, usiibadilishe tarehe kwa njia ya haraka mshale mfupi ukiwa nusu ya juu ya uso, kati ya 9 na 3. Kwa lugha yetu ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa. Wakati huo meno ya kubadilisha tarehe yameshikana, na ukilazimisha unayavunja. Shusha mshale mfupi hadi chini kwenye 6, kisha ubadilishe. Na kama kitufe kimekwama, kiache. Picha ya saa iliyosimama ni picha halali kabisa.

Seti kamili inapaswa kuwa na uso ukiangaliwa moja kwa moja kutoka juu, ubavu wenye kitufe, mgongo, ndani ya kufuli ya cheni ambako mara nyingi kuna chapa ndogo, na moja ikiwa kando ya rula. Pima kasha bila kuhesabu kitufe, na upime nafasi ya mkanda kati ya masikio. Kidirisha cha siku kipigie picha mbili, kwa sababu Seiko nyingi zina lugha mbili. Zungusha siku uone. Ukikuta Kiarabu kando ya Kiingereza, basi unayo saa iliyolengwa soko la nchi za Kiarabu, na labda kuna hadithi ya mtu aliyefanya kazi Ghuba au aliyeletewa zawadi kutoka huko. Uliza nyumbani. Hiyo nayo iandike.

Mgongo ndio unaosumbua zaidi kwa sababu chuma kinang'aa na maandishi yamelika. Hapa fanya kinyume: zima mwanga laini, leta tochi ndogo kutoka ubavuni, chini kabisa, karibu usawa wa meza. Herufi ambazo hukuziona zitatupa vivuli na kusomeka. Niliwahi kusoma hivyo jina na tarehe ya kustaafu kwenye saa ya mzee jirani ambaye mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba imeandikwa.

Je, ufungue saa upige mashine? Picha ya mashine ina thamani kubwa, lakini wewe usiifungue kwa kisu cha jikoni. Kisu kikiteleza kinakata mkono na kuchana kasha. Kaa na fundi anapoifungua, mwombe dakika mbili, upige picha yeye akiishika. Wengi hufurahi mtu akijali kazi yao. Jasho la vidole likiingia kwenye mashine huleta kutu, kwa hivyo acha yeye aguse. Na umwambie mapema, kwa sauti, kwamba hutaki kitu chochote kibadilishwe bila kukuuliza na kwamba kila kipande cha zamani kirudi ndani ya bahasha. Sentensi hiyo moja ingeniokoa.

Saa za zamani zaidi zina hatari ambayo watu hawaambiwi. Ile rangi inayong'aa gizani ilichanganywa na radiamu hadi miaka ya 1960 hivi. Huko Marekani, miaka ya 1917 na kuendelea, wasichana walioajiriwa kupaka rangi hiyo walikuwa wakilainisha ncha za brashi kwa midomo yao, na wengi waliugua na kufa. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupunguza nguvu kwa nusu. Saa inaweza kuwa imeacha kung'aa kabisa, kwa sababu kile kinachotoa mwanga kimechoka, lakini radiamu ingalipo. Ukikuta saa ya zamani sana yenye rangi ya kahawia iliyopasuka kwenye mishale, ipige picha kioo kikiwa kimefungwa, usiifungue, usikwangue, nawa mikono.

Baadaye ilikuja tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi na nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa za Uswisi za aina hiyo mara nyingi zina herufi T mbili chini ya uso, moja kila upande wa neno "Swiss". Ukizipata, zipigie picha ya karibu. Ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia itakuonyesha kama rangi ya mishale na ya uso ni ya umri mmoja. Moja iking'aa kijani na nyingine ikikaa kimya, mtu aliwahi kubadilisha kitu.

Na dhahabu? Kasha likiwa na 375 ni karati 9, 750 ni karati 18. Likiandikwa "20 microns" ni chuma kilichopakwa dhahabu ya unene wa sehemu 20 za elfu za milimita, kwa hivyo anayekuambia ni dhahabu tupu anakucheza. Kasha la dhahabu halisi ndilo linaloishi kwa hofu, maana wapo wanunuzi wanaolipima kwa gramu, wanaling'oa mashine na kuliyeyusha. Hapo picha ndiyo inayobaki peke yake.

Sasa unapakia. Commons inapokea picha uliyopiga mwenyewe, si uliyoichomoa kwenye tovuti ya mnada. Utachagua leseni huru, na uielewe kabla ya kubonyeza: unawaruhusu watu wote waitumie, hata kwa biashara, ilimradi wakutaje ukichagua leseni inayodai hivyo. Huwezi kusema "bure lakini isiuzwe", picha kama hiyo haipokelewi. Wapo wanaoona hiyo ni hasara. Mimi naona hivi: picha ya mgongo wa Seiko haingekulipa hata nauli ya kwenda mjini. Lakini ile kazi ya mwanga na kioo uliyojifunza, hiyo ina soko. Wanaouza pete, miwani na viatu mtandaoni wanamhitaji mtu anayeweza kupiga kitu kinachong'aa bila pua yake kuonekana ndani.

Usiandike jina la faili "IMG_2043". Andika kiwanda, namba ya mashine na kasha, na sehemu uliyopiga: uso, mgongo, ubavu. Maelezo yaandike kwa Kiswahili pia, nafasi ipo. Mengi yaliyoandikwa kuhusu saa ni kwa Kiingereza, Kijerumani na Kijapani, na hakuna anayetuzuia kuingia. Kama kuna marekebisho yoyote kwenye saa, yaseme. Picha nzuri yenye maelezo ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na picha, kwa sababu mwingine ataifuata.

Tena, linda nyumba yako. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, la sivyo picha inaweza kubeba ramani hadi mlangoni pa mzee. Namba ya pekee ya saa unaweza kuziba tarakimu mbili tatu za mwisho, zile za mwanzo zinazoonyesha mwaka na mwezi zikibaki. Jina lililochongwa mgongoni usilitoe bila ruhusa ya mwenyewe au familia. Na saa si yako hadi mzee aseme ni yako. Mwombe, mweleze unafanya nini, mketi pamoja. Mara nyingi mazungumzo hayo yatakuwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Mimi nilitafuta namba ya kasha la babu kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mwishowe nikapata picha za mtu wa nchi ya mbali, nisiyemjua wala hanijui, aliyepiga saa tatu za namba hiyo hiyo zenye nyuso tofauti, kwa mwanga wa dirisha, mgongo na yote. Nikampelekea nyanya simu. Ya kwanza akaipita. Ya pili akaipita. Kwenye ya tatu akasimamisha kidole.

"Hii," akasema. "Ilikuwa hii."

Uso wa kijivu kilichokoza, ambao mwanga ukiugonga kwa ubavu unageuka samawati. Wajomba wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Wiki hiyo niliipiga picha saa ya babu vile ilivyo sasa, na uso wake wa machungwa. Nikaandika wazi: kasha na mashine ni za asili, uso umepakwa upya Nairobi, wa asili ulipotea. Nyanya alikuwa ameketi kando akinitazama ninavyohangaika na kadibodi nyeusi na mtungi wa maziwa. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, akafungua fundo la leso yake, akatoa kijisaa kidogo cha kike kisicho na mkanda, ambacho sijawahi kukiona maishani.

"Na hii je?" akaniuliza. "Dirisha bado lina mwanga?"